Kipa Aliyeonekana Kila Jumamosi

Vijana wangu wa timu ya chuo, mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya wale wachezaji sita walioondoka chuoni kwetu miaka ya tisini wakaenda kucheza ligi kuu. Mliyemtuma alinikuta nikikamua, akasubiri kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akanywa mursik yangu, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, bila kukunja uso. Kwa sababu ya adabu hiyo nitaandika. Lakini kama mlitaka maneno matamu ya kuwasomea wageni siku ya sherehe, mmebisha hodi nyumba siyo. Nimestaafu, goti langu la kulia halikunjiki vizuri, na ile sauti ya kuwapigia mabeki kelele imekwisha. Hasira peke yake ndiyo haijastaafu.

Juzi nilipita hapo chuoni nikaona mmetundika ubao mkubwa nje ya ukumbi wa kulia chakula, majina sita kwa rangi ya dhahabu, na juu yake mmeandika Fahari Yetu. Jina la tatu ni la Weldon, aliyekuwa kipa wangu. Nilisimama pale mpaka askari wa lango akaja kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo, naumwa. Chuo kilichomfungia kijana yule mlango ndicho leo kinamwita fahari yake, na hakuna hata mmoja anayeona haya.

Wa kwanza kwenye ubao ule alikwenda Nairobi, akacheza vizuri, akajenga, na sina neno naye. Wengine wanne kila mmoja alipata bahati yake, nzuri au mbaya. Mimi nitawaambia habari za Weldon tu, kwa sababu nilikuwepo tangu mwanzo, na kwa sababu sijasikia mkubwa yeyote akimwambia pole.

Kazi yangu ilikuwa mwalimu wa michezo. Siku hizo mwalimu wa michezo ndiye alikuwa kocha, mshonaji wa mipira, mfuaji wa jezi, mkandaji wa vifundo vya miguu, na nyasi zikirefuka alikuwa mkata nyasi pia. Uwanja wetu mnaujua, lakini hamkuujua kabla haujasawazishwa. Ulichongwa kwenye mteremko, chai juu, chai chini, na aliyepiga mpira ukaingia kwenye chai ndiye aliyeufuata. Washambuliaji wetu walijifunza kulenga goli haraka sana, maana hakuna anayependa kutambaa chini ya michai iliyolowa.

Nilikuwa nawaambia manahodha wangu hivi: ukishinda sarafu, usiombe mpira, omba goli la chini kipindi cha kwanza. Mvua yetu inakuja alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Ikishanyesha, maji yote ya uwanja yanateremka kwenye goli la chini, na kipa wa pale anageuka mkulima wa mpunga. Afadhali kipindi hicho kipa huyo awe wa wageni. Timu kutoka Soin, kwao ambako jua linawaka na mpira unadunda hadi kichwani, walikuwa wakifika kwetu, wanatazama lile dimbwi, wanatazamana wao kwa wao.

Na viatu. Kiatu cha ngozi kilicholowa unakijaza magazeti makavu, unakiweka mahali penye upepo, unabadilisha magazeti, unangoja. Niliwaambia hivyo vijana wa mwaka wa kwanza, nao kwa kuwa walikuwa wasomi wakaona ni polepole mno. Wakavipanga viatu vyote juu ya jiko la mpishi. Asubuhi soli zilikuwa zimejikunja, hakuna mguu wa binadamu ungeingia humo, na mchana tulikuwa na mechi Kedowa. Beki wetu mmoja alicheza na gambuti, vile viatu virefu vya mpira vya shambani. Alicheza vizuri sana, mpaka alipopiga penalti na gambuti ikafika golini kabla ya mpira. Refa alisimama muda mrefu akiwaza ahesabu kipi. Mpaka leo watu wa Kedowa wakiniona hunitazama miguuni kwanza.

Lakini ujuzi nilioupenda kuliko wote ulikuwa wa mikono ya kipa. Nilifundishwa na Mzee Odhiambo, aliyekuwa amedaka mipira Kisumu alipokuwa kijana, na akaja kufanya kazi ya useremala chuoni kwetu. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mpira uliolowa haupigwi makofi. Unaupokea kwa viganja vilivyokaribiana, vidole gumba karibu vigusane nyuma yake, kisha unauvuta kifuani kama unayemnyang'anya mtu kitu chako. Na ndiye aliyeniambia juu ya mafuta ya kukamulia, yale ya kopo tunayopaka chuchu za ng'ombe. Kipa ayapake vidoleni jioni ili ngozi isipasuke kwa baridi yetu hii. Siku ya mechi asiyaguse kabisa, la sivyo mpira utamponyoka mbele ya watu. Nilikuwa nayanunua Sosiot siku ya soko, makopo kwa makopo, na mwenye duka akadhani nina ng'ombe wengi akaanza kuniita mzee wa maziwa. Sikumkatalia.

Weldon alikuja kwangu kama winga, na alikuwa winga mbaya. Mpira ukirushwa juu alisahau miguu yake, akaudaka. Marefa walichoka kumpigia filimbi. Siku moja nilimwambia, "Wewe umekosea kazi. Nenda golini." Alikuwa amekulia kukamua, yeye na mama yake, asubuhi na jioni, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuwahi kuiona kwa mwanafunzi. Mpira ukishaingia mkononi mwake, maneno yamekwisha.

Darasani alikuwa anasomea ualimu wa hesabu. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja. Huo mwaka mmoja muushike akilini mnaposoma, kwa sababu ndio walioula. Weldon aliutaka kuliko kikombe chochote. Aliwahi kuniambia tukikusanya mipira, "Mwalimu, mpira ni ya Jumamosi. Mimi nataka kufundisha hesabu hapa kwetu. Hawa watoto wanaogopa hesabu bure tu." Alisema kwa upole, akifuta matope kwenye mpira, na nilijua hasemi ili nimsifu.

Sasa ninyi mnaosoma leo hamjui kufungwa kwa chuo. Miaka ile wanafunzi walikuwa wakigoma, mawe mawili matatu yanarushwa, na serikali inafunga chuo. Asubuhi mko darasani, mchana mko barabarani na masanduku. Na hamrudi nyumbani hivi hivi. Amri ilikuwa kwamba kila mwanafunzi aripoti kwa chifu wa kwao kila wiki, ili serikali ijue kwamba uko nyumbani unachunga ng'ombe na hupangi fujo. Siku chuo kikifunguliwa, chifu ndiye anayethibitisha: huyu nimekuwa nikimwona. Asipothibitisha, huingii. Ilikuwa sheria ya kijinga, lakini kila mtu aliijua, hata wale wanaojifanya leo hawakuijua.

Aliyeijua zaidi alikuwa katibu wa timu ya kampuni moja ya chai iliyokuwa ligi kuu. Jina la kampuni sitalitaja, wala la mtu mwenyewe. Nitamwita Katibu. Chuo kikiwa wazi, Katibu alilazimika kupita kwangu, na kwangu angeulizwa: kijana atalala wapi, atasoma lini, akivunjika nani atamtibu. Maswali haya hakuyapenda. Kwa hivyo alisubiri chuo kifungwe jinsi wakulima wa chai wanavyosubiri mvua. Kikifungwa, mchezaji yuko peke yake nyumbani, amechoka kukaa, na mama yake amechoka kumwona amekaa. Hapo Katibu anatoa pikapu ya kampuni na kuanza kuzunguka.

Mwaka ule alizunguka nyumba nyingi, na wenzake wa Nairobi nao wakazunguka zao, na chuo kilipoteza wachezaji sita kwa kufungwa mara moja. Nusu ya timu. Kwa mama yake Weldon alifika na sukari, na sabuni, na pakiti za majani ya chai. Mama huyu chai yake mwenyewe inaanzia mlangoni pake. Alipokea kwa sababu ni mtu wa heshima, lakini baadaye aliniambia, "Nilijiuliza kama huyu mtu aliona kitu yoyote njiani akikuja."

Ahadi zilikuwa tamu. Weldon angepewa nyumba ya kampuni na kazi ya ofisini, ya kuhesabu, si anajua hesabu. Chuo kikifunguliwa angerudi, na kampuni ingempa ruhusa. Weldon hakuwa mjinga, akauliza juu ya kuripoti kwa chifu. Katibu akasema hiyo amwachie yeye. Na kweli siku ya pili chifu mwenyewe alikuja nyumbani kwao, amevaa kofia yake ya kazi, akamwambia mbele ya mama yake, "Wewe enda ucheze. Mimi Jumamosi niko uwanjani. Nitakuwa nakuona huko huko, na hiyo imetosha."

Maneno hayo niliambiwa na mama na mwana kila mmoja kwa wakati wake, na hayakutofautiana hata kidogo. Kijiji sitakitaja kwa sababu watoto wa chifu huyo hawana kosa. Lakini muone ujanja wake. Kampuni ilikuwa imempa kiti jukwaani, karibu na mameneja, na blanketi la kufunika magoti, na chai yenye maziwa mengi wakati wa mapumziko. Mimi nilihudhuria baadhi ya mechi zile, na nilimsikia kwa masikio yangu. Weldon akidaka, chifu alisimama, blanketi likaanguka, akawaambia mameneja, "Huyo ni wa lokesheni yangu. Huyo ni wangu." Redio ilipotangaza mechi ilitaja jina la Weldon mpaka akina mama waliokuwa wakipima majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai walisimamisha kazi kusikiliza.

Basi mtu huyo alionekana. Sijui mtu aonekane vipi zaidi ya hapo.

Chuo kilifunguliwa ligi ikiwa inaelekea ukingoni. Ilitangazwa redioni, wanafunzi warudi kwa makundi, mwaka wa mwisho kwanza. Nilingoja kundi la kwanza lifike, nikawasalimu mmoja mmoja pale langoni, Weldon hayumo. Kesho yake nilipanda gari la asubuhi nikaenda kumtafuta kwenye shamba la kampuni. Nilienda ofisini kwanza, kwa kuwa ndiko alikoajiriwa. Karani akanitazama kama niliyeuliza habari za mtu wa zamani. Akasema, "Weldon kipa? Huyo ako kwa chai."

Nilimkuta katikati ya mistari na wachumaji wengine, kikapu mgongoni, aproni ya plastiki imejaa umande. Ulikuwa msimu wa mavuno makubwa, majani yanakimbia kuliko mikono, na kampuni ilikuwa imetoa amri kwamba kila anayelala kwenye nyumba zake aingie shambani. Mchezaji aliyekataa alirudisha ufunguo wa nyumba. Asubuhi chai, jioni mazoezi, Jumamosi mechi.

"Na ofisi?" nikamuuliza.

"Ofisi iko, Mwalimu. Lakini mimi sijawahi kuingia."

Nikamwambia anionyeshe mikono. Hakutaka. Nilipomshika nikaona. Vijana, chai inachumwa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na hivyo hivyo ndivyo kipa anavyotegemea kuzuia mpira usimponyoke. Vyake vilikuwa vimepasuka kwenye kila kifundo, na utomvu wa chai ulikuwa umeingia kwenye nyufa ukawa mweusi. Vidole nilivyovipaka mafuta misimu mitatu, watu walivitumia kwa siku za mavuno bila hata kuuliza kama vina kazi nyingine. Sikujua nianze kumlilia kipa au mwanafunzi. Nilimkasirikia mpaka mnyapara, ambaye maskini alikuwa amesimama tu.

Katibu alipofika kwa pikapu yake hakuona ajabu yoyote. "Mwalimu, huyu ni mfanyakazi ya kampuni kama wengine," akasema. "Mechi zimebaki kidogo. Wacha amalize ligi, hiyo shule itamngojea."

"Haitamngojea," nikamwambia. "Ukijua mpira, jua na hiyo."

Weldon alitua kikapu pale pale kwenye mstari akaondoka nami. Nitamheshimu kwa hilo maisha yangu yote, kwa sababu alijua kikapu kile ndicho kilichoshika nyumba aliyokuwa analala. Tulimpitia mama yake, tukaenda watu watatu kwa chifu.

Ofisi ya chifu ilikuwa na benchi moja na picha moja ukutani, na chifu alitupokea vizuri, akamsifu Weldon kwa mechi ya juzi, akamwuliza ilikuwaje ile penalti. Nikamweleza tulichojia. Anathibitisha tu kwamba amekuwa akimwona kijana, tunapanda gari jioni hiyo, Weldon anaingia na kundi la mwisho. Chifu akavua kofia, akaiweka mezani, akaanza kuizungusha.

"Mwalimu, hii maneno ni ngumu," akasema. "Huyu kijana hakuripoti hapa."

"Bwana Chifu, umemwona kila Jumamosi."

"Nimemwona."

"Ulimwambia hiyo imetosha."

Akaangalia dirishani. "Mwalimu, sikiza. Mimi nilimwona kama kipa. Kama mwanafunzi, sikumwona. D.O., mkubwa wangu, akiniuliza huyu kijana alikuwa wapi hii miezi yote, niseme alikuwa wapi? Niseme alikuwa kwa lokesheni ya chifu mwingine, na mimi najua?"

Nimefanya kazi na watu wengi. Nimesikia visingizio vya wachezaji waliolala, vya marefa walionunuliwa, vya wapishi walioiba nyama ya timu. Sijawahi kusikia neno la kuniudhi kama lile, na bado linaniudhi ninapoliandika. Mtu yule yule mmoja, macho yale yale mawili, lakini akikufaa anakuona, na ukimhitaji hakuoni.

Mama yake Weldon alisogea mbele kwenye benchi. Akaongea taratibu, kwa heshima, kama mtu anayemzidi umri yule aliyekaa kwenye kiti cha serikali. "Chifu, wewe ulikuja kwangu. Ulikaa kwa kiti yangu, ukakunywa maziwa. Ulisema kijana aende. Mimi singemwachilia. Nilimwachilia kwa sababu ni wewe umesema."

"Mama, mimi sikatai hiyo."

"Basi andika hiyo."

Hakuandika. Akasema tumpe muda, tuje baada ya ligi kuisha, pengine mambo yatakuwa yametulia. Hapo ndipo nilipojua Katibu alikuwa ametutangulia. Chifu mwoga na katibu mwenye mechi zilizobaki walikuwa wamekubaliana bila hata kuhitaji kusema mengi. Mmoja aliogopa wakubwa wake, mwingine alitaka kipa, na kijana wa watu akasagwa katikati.

Sikukubali. Nilikwenda chuoni kwa mkuu aliyesimamia mambo ya wanafunzi. Alikuwa msomi, ameketi kwenye ofisi yenye zulia, na alinisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima. Kisha akasema utaratibu ni utaratibu, chifu hajathibitisha. Nikamwambia nchi nzima imethibitisha, redio imethibitisha, wewe mwenyewe wiki jana ulinipongeza kwa sababu yake pale ngazini. Akanyoosha karatasi zake. "Mwalimu, wewe ni mtu wa mpira. Haya ya utawala tuachie sisi."

Tukawaachia. Kundi la mwisho liliingia, lango likafungwa, na kijana aliyebakisha mwaka mmoja akarudi kwenye mistari ya chai, kwa sababu nyumba ya kampuni ndiyo iliyobaki. Aliomba tena kurudi, nami nikamwombea tena, akaambiwa nafasi yake imeshapita. Ligi ilipoisha chifu alipandishwa kiti, akawa anakaa mstari wa mbele kabisa.

Watu huniuliza kwa nini baada ya pale nilikuwa mkali kupita kiasi. Chuo kilipofungwa tena, nilifanya kazi ambayo haikuwa kwenye ajira yangu. Nilizunguka kwa wachezaji wangu, Belgut, Kipkelion, Bomet, kwa basi, kwa miguu, hata juu ya lori la majani mabichi, nikamshika kila mmoja mkono mpaka kwa chifu wake, nikasimama hapo aonekane kama mwanafunzi. Machifu walinichoka. Mmoja aliniuliza kama nataka kugombea udiwani. Mke wangu aliuliza swali hilo hilo, kwa sauti nyingine. Nanyi nawaambia, sheria ile imekufa lakini ukoo wake uko hai. Mtu akija kukutaka wakati mwalimu wako hayupo, ujue kwa nini ameuchagua wakati huo. Akisema jambo fulani umwachie yeye, hilo ndilo usimwachie. Na akikuahidi ofisi, mwambie akupeleke ukaione, ukae kwenye kiti chenyewe, umwulize aliyekaa hapo kabla yako yuko wapi sasa.

Kipa wangu wakati huo alikuwa Amos, kijana wa Kedowa, aliyekuwa msaidizi wa Weldon. Hakuwa na vidole vya Weldon, lakini alikuwa msikivu, na alibakisha miaka miwili ya masomo. Chuo kikiwa bado kimefungwa, Jumapili moja baada ya kanisa, Weldon alikuja kwangu amevaa koti la timu ya kampuni, jipya, lenye zipu. Mke wangu alifurahi, akamwita mwanangu, akamtilia chai. Alishika kikombe kwa viganja, vidole akaviweka mbali na joto.

Tuliongea habari za mama yake, za ng'ombe aliyezaa. Kisha akakitua kikombe.

"Mwalimu, mimi nimetumwa."

"Na nani?"

"Katibu. Anataka Amos. Anasema wewe unazuia, lakini mimi utanisikiza." Akakisogeza kikombe pembeni. "Ameniambia nikimleta, naingia ofisi. Ile ya kuhesabu. Na chifu ya Kedowa wameshamwongelesha."

Niwaambie ukweli, damu ilinipanda mpaka nikasimama. Walikuwa wamemchukua mwaka wake, wamemharibu vidole, na sasa walikuwa wanamuuzia ahadi ile ile waliyomwahidi mwanzo, bei yake ikiwa kijana mwingine. Na wamemtuma yeye, kwa sababu walijua yeye ndiye mtu pekee ambaye ningeona vigumu kumkatalia. Nilijua pia ofisi ile ingemtoa kwenye kikapu. Nilimwangalia mikono, nikajua ninachomnyima.

Nikakataa. Nikamwambia Amos ataripoti kwa chifu wake kesho asubuhi na mimi nitakuwa nyuma yake, na wiki ijayo, na inayofuata, na nikiiona pikapu ya Katibu upande wa Kedowa nitalala barabarani, anikanyage kwanza ndipo apite. Nilisema mengi. Mengine hayafai kuandikwa, na mke wangu alitoka nje kwenda kuangalia kuku waliokuwa salama kabisa.

Weldon alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Alifunga zipu ya koti lake, akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kongoi, Mwalimu," akanishukuru. "Nilikuwa naogopa utasema sawa."

Amos alimaliza masomo na sasa ni mwalimu. Ofisini Weldon hakuingia. Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani kumwona akicheza. Chifu alikuwa mstari wa mbele, blanketi magotini, akiliita jina lake. Watu wa kampuni waliniwekea kiti huko juu jukwaani, nikakiacha. Nilikaa kwenye nyasi nyuma ya goli, karibu na nguzo, ili akigeuka anione.